Makumbusho na mahekalu ya Japani: shika kalenda kwanza, ramani itafuata

Anayekwenda Japani kwa mara ya kwanza hufungua ramani, akatia alama Tokyo, Kyoto, Nara, Hiroshima na Osaka, kisha akaanza kuhesabu kilomita. Mimi nakuomba uanze na kalenda. Umbali si tatizo kubwa kule, kwa sababu treni zinafika kwa dakika iliyoandikwa. Kinachowaangusha wageni ni siku. Siku ya wiki huamua mlango gani uko wazi, mwezi huamua kitu gani kimetolewa ghalani, na kuna sehemu ambazo tiketi zake zimeshakwisha kabla hujapanda ndege.

Hili nilijifunza kwa miguu yangu. Nilipanda treni mbili na basi moja kwenda kuona makumbusho madogo ya mkoani, nikafika mlango umefungwa na kibao kimetundikwa chenye herufi tatu: 休館日. Mzee aliyekuwa akifagia majani uani aliniona ninavyoduwaa, akainama kama vile kosa ni lake. Ilikuwa Jumatatu. Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hizo herufi tatu. Husomwa kyukanbi, maana yake siku ya kufungwa.

Hatua ya 1: Pangua siku za wiki

Makumbusho mengi ya Japani hufungwa Jumatatu. Ikiwa Jumatatu hiyo ni sikukuu ya taifa, yanafunguliwa, halafu yanafungwa Jumanne. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa Wajapani wameziweka sikukuu kadhaa Jumatatu makusudi ili watu wapate mapumziko marefu: ya pili ya Januari, ya tatu ya Julai, ya tatu ya Septemba na ya pili ya Oktoba. Ukiwa kule katika wiki hizo, siku yako ya hatari inahamia Jumanne.

Wengine wana utaratibu wao. Makumbusho ya Ghibli pale Mitaka, magharibi ya Tokyo, hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia ya Osaka, ambayo wenyeji huyaita Minpaku, hufungwa Jumatano. Makumbusho ya Amani ya Hiroshima huwa wazi karibu mwaka mzima. Mahekalu ya Kibudha na jinja, yaani nyumba za ibada za Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, hazijali Jumatatu, na ngome ya Himeji pia hupokea wageni siku hiyo.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika siku za safari yako kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kila Jumatatu iandikie hekalu, jinja au ngome kabla hujagusa siku nyingine yoyote. Kazi hii haikuchukui hata robo saa.

Kuna pia majira ya kukwepa. Mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei sikukuu hufuatana na nchi nzima iko safarini. Katikati ya Agosti watu hurudi makwao kwa ajili ya Obon, siku za kuwakumbuka wazee waliotangulia. Na kuanzia takriban tarehe 28 Desemba hadi siku za mwanzo za Januari makumbusho mengi hufunga kabisa. Maua ya mcheri huchanua Tokyo na Kyoto mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na majani ya Kyoto hugeuka mekundu Novemba. Ni nyakati nzuri mno, lakini foleni zake uzikubali kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 2: Viza na pasipoti

Pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza kabla ya kusafiri. Omba kwenye ubalozi wa Japani unaohudumia nchi unayoishi, na usilipie kitu kisichorudishwa fedha mpaka viza iwe mkononi. Ukishafika, tembea na pasipoti yenyewe, kopi haitoshi: sheria inamtaka mtalii awe nayo wakati wote, na baadhi ya sehemu nitakazozitaja huiangalia mlangoni.

Hatua ya 3: Kata tiketi zisizosubiri

Makumbusho makubwa ya taifa hayana shida. Unafika dirishani au kwenye mashine, unalipa, unaingia. Lakini zipo sehemu ambazo ukifika mikono mitupu utarudi mikono mitupu.

Ya kwanza ni Ghibli, yaliyofunguliwa mwaka 2001 na studio ya katuni ya jina hilohilo. Mlangoni hawauzi tiketi kabisa. Tarehe 10 ya kila mwezi, saa 10:00 asubuhi kwa saa za Japani, hufungulia kwa intaneti tiketi za mwezi unaofuata. Mtu mzima hulipa yen 1,000. Tiketi huandikwa jina na saa ya kuingia, na ukichelewa zaidi ya saa moja nafasi yako imepotea.

Kwa aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda kuna jambo zuri la kushika hapa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo inapishana kwa sita na ile iliyoandikwa kwenye simu. Matokeo yake namba zinalingana: saa 10:00 asubuhi ya Tokyo ni saa kumi ya alfajiri kwetu. Saa 3:00 ya mchana wa Tokyo ni saa tatu ya asubuhi kwetu. Huna haja ya kikokotoo; tega kengele saa kumi alfajiri, uamke na kadi ya benki mkononi. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Goma arudi nyuma saa moja, aamke saa tisa usiku.

Ukishafika Japani jihadhari na upande wa pili wa jambo hilohilo. Tiketi zao huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na 14:00 ni saa nane mchana, si saa nyingine yoyote. Kichwa kilichochoka kwa safari ya ndege huchanganya haraka. Ninaandika saa zote mbili kwa peni juu ya tiketi mara tu ninapoipata.

Ya pili ni bustani na nyumba ya kifalme ya Katsura, Kyoto. Inasimamiwa na idara ya kasri, Kunaicho, na huingii ila kwa kuomba nafasi na kutembea na kikundi nyuma ya kiongozi. Kasri la zamani la Kyoto lenyewe ni rahisi zaidi: tangu 2016 linaingiwa bila kuomba nafasi, na ni bure.

Ya tatu ni Saihoji, hekalu la Kyoto ambalo ardhi yake yote imefunikwa na kuvumwani laini kama zulia. Hapa pia unaomba nafasi kabla. Ujue kuwa desturi yake ni mgeni kunakili kwanza maneno ya sala ya Kibudha kwa kalamu, ndipo aende bustanini. Kama imani yako inakukataza kushiriki ibada hiyo, ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko ukiwa umeshakaa chini mbele ya karatasi.

Ya nne ni makumbusho ya Chichu katika kisiwa cha Naoshima, yaliyochorwa na msanifu Tadao Ando na kufunguliwa mwaka 2004. Jengo karibu lote limezikwa ardhini, lakini picha za Claude Monet zilizo ndani humulikwa na jua lenyewe linaloshuka kutoka juu, hivyo rangi zake asubuhi si zile za jioni. Tiketi zina saa ya kuingia, na kisiwa hufikiwa kwa feri kutoka bandari ya Uno au Takamatsu. Jumatatu usijisumbue kuvuka.

Hatua ya 4: Uliza kama kitu chenyewe kimetolewa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Japani inapotofautiana na makumbusho mengi ya Ulaya ambayo watu wameyazoea kwenye picha.

Sanaa kubwa ya Japani imefanywa kwa karatasi, hariri, lakiri na mbao. Mwanga huila. Kwa hiyo mchoro wa hariri hutolewa ghalani, huonyeshwa kwa wiki chache, kisha hurudishwa gizani kupumzika, pengine kwa muda mrefu. Makumbusho yanaweza kumiliki picha uliyoiota tangu utotoni, nawe ukafika na usiione. Hakuna aliyekudanganya, picha imelala tu.

Mfano mkubwa ni hazina ya Shosoin pale Nara. Mwaka 756, baada ya mfalme Shomu kufariki, mkewe Komyo alivikabidhi vitu vyake kwa hekalu la Todaiji. Ghala lake la magogo limehifadhi vitu takriban 9,000, na miongoni mwake kuna kinanda cha nyuzi tano kilichopambwa kwa vipande vya kombe ya bahari, chenye picha ya mtu aliyepanda ngamia akipiga kinanda. Ngamia, katika Japani ya karne ya 8! Vitu hivyo huonyeshwa mara moja tu kwa mwaka, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nara, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, na kila mwaka huteuliwa vichache tofauti. Ukiweza kupanga safari yako iangukie majuma hayo, fanya hivyo, na ukate tiketi ya saa maalumu mapema.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Katika mali za Makumbusho ya Taifa ya Tokyo limo bakuli la chai liitwalo Bakohan. Ni kauri ya Longquan, China, ya karne ya 13, yenye rangi ya kijani cha maji ya kina kirefu. Aliyetembelea magofu ya Kilwa Kisiwani au Gedi ameona vigae vya ukoo huohuo, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa wakivinunua vyombo vya Longquan katika karne zilezile. Yasemwa kwamba bakuli hili lilipata ufa likiwa mikononi mwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, akalirudisha China aletewe lingine. Kule wakajibu kwamba kazi ya namna ile haiwezekani tena. Wakalibana ufa kwa pini za chuma na kulirejesha. Pini zile zimesimama juu ya kijani kile kama panzi aliyetua, na ndiko jina lilikotoka. Wajapani wakalipenda zaidi likiwa na pini zake kuliko lilipokuwa zima.

Sasa, bakuli hilo halikai kabatini mwaka mzima. Kabla ya safari fungua tovuti ya makumbusho, tafuta ratiba ya maonyesho, angalia tarehe ya kitu unachokitaka, na uangalie tena wiki moja kabla ya kuondoka. Ukilikuta limetolewa, mshukuru Mungu ukalione.

Hatua ya 5: Siku moja Ueno, namna ya kuitumia

Kama una siku moja tu ya makumbusho Tokyo, ipeleke bustani ya Ueno. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yalianzishwa mwaka 1872 na ndiyo makongwe kuliko yote ya taifa nchini. Kiingilio cha maonyesho ya kudumu ni yen 1,000. Kwa saa ya Kiswahili, hufunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, ila Ijumaa na Jumamosi huendelea hadi usiku. Mwisho wa kuingia ni nusu saa kabla ya kufunga, na hilo ni karibu kila mahali Japani. Ijumaa jioni ndiyo wakati ninaoupenda: vikundi vya wanafunzi vimeondoka, na unaweza kusimama mbele ya kitu kimoja bila mtu kukupumulia shingoni.

Kwanza weka mizigo. Karibu na mlango kuna kabati ndogo za sarafu. Unatumbukiza yen 100, unafunga, na ukirudi sarafu yako inadondoka. Basi tembea na sarafu za mia. Mvua ikinyesha utakuta nje vyuma vya kufungia mwavuli kwa ufunguo. Ndani usitoe peni, hata kama unaandika kwenye daftari lako mwenyewe. Penseli pekee ndiyo inayokubalika.

Ingia jengo la Honkan, lililofunguliwa mwaka 1938, na upande moja kwa moja ghorofa ya pili. Vyumba vyake vinafuata wakati, kuanzia vyungu vya kale vya Jomon hadi zama za Edo. Chumba cha pili kimetengwa kwa hazina ya taifa, 国宝, kokuho, na mara nyingi ni kitu kimoja tu katika chumba kizima. Keti pale dakika kumi.

Vibao hutaja zama zaidi ya karne, kwa hiyo beba hesabu hii: Nara ni 710 hadi 794, Heian 794 hadi 1185, Kamakura 1185 hadi 1333, Muromachi 1336 hadi 1573, Edo 1603 hadi 1868, kisha Meiji hadi 1912. Mimi hukumbuka kwa kufananisha na kwetu. Husuni Kubwa ya Kilwa ilijengwa Japani ikiwa katika Kamakura, na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, Kyoto ilikuwa Muromachi.

Ghorofa ya chini kuna panga za samurai, na hapa watu wengi hupita haraka wakidhani wameziona. Usisimame wima. Tazama wenyeji wanavyofanya: wanakunja magoti kidogo, wanashusha kichwa, wanakisogeza taratibu kushoto na kulia mpaka mwanga ukimbie juu ya bapa. Ghafla unajitokeza ukungu mweupe ukingoni, unapanda na kushuka kama povu la wimbi linapofika mchangani. Huo huitwa hamon. Mhunzi alipaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha akautia moto na kuuzamisha majini. Makali yakapoa kwa kasi yakawa magumu, mgongo ukapoa polepole ukabaki na uwezo wa kupinda bila kuvunjika, na mpaka kati ya hali hizo mbili ndio ukungu unaouona. Kila mhunzi ana wimbi lake, na mjuzi hulitambua kama sisi tunavyotambua mwandiko wa mtu.

Ukiwa bado na nguvu, nenda jengo la Heiseikan ukaone haniwa, sanamu za udongo za farasi na askari zilizosimamishwa juu ya makaburi ya wakubwa wa kale, au nyumba ndogo tulivu ya hazina za hekalu la Horyuji. Usiyafuate majengo yote. Majengo mawili kwa siku yanatosha, na upande wa pili wa bustani makumbusho ya sanaa ya Ulaya, yaliyochorwa na Le Corbusier na kufunguliwa mwaka 1959, yatakungoja siku nyingine.

Picha kwa kawaida zinaruhusiwa kwenye maonyesho ya kudumu bila mwanga wa flashi, isipokuwa penye alama. Herufi za kukariri ni 撮影禁止, kupiga picha marufuku. Ghibli ni marufuku ndani yote, na nashukuru kwamba ni hivyo, kwa kuwa watoto wanatazama kwa macho yao.

Hatua ya 6: Jinja na hekalu si kitu kimoja

Ukiona lango la nguzo mbili na boriti juu yake, torii, hiyo ni jinja ya Kishinto. Ukiona sanamu ya Budha, uvumba na kengele kubwa, hilo ni hekalu la Kibudha. Adabu zake zinatofautiana.

Kwenye jinja, inama kidogo kabla ya kupita langoni na utembee pembeni, kwa kuwa katikati huhesabiwa njia ya mungu wa mahali pale. Kuna birika la maji la kunawa: shika kata ya kutekea maji kwa mkono wa kulia, nawa wa kushoto, badilisha, kisha mimina kidogo kiganjani usukutue mdomo, na mwisho uisimamishe kata ili maji yateremke yaoshe mpini kwa ajili ya anayekufuata. Anayeabudu hutoa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, na kuinama mara moja. Hekaluni hakuna makofi. Mikono hukutanishwa kimya kimya.

Wasomaji Waislamu na Wakristo huniuliza kama ni lazima kufanya haya. Si lazima. Hakuna atakayekulazimisha wala kukununia. Simama kando, vua kofia, punguza sauti, usikae mbele ya mtu anayesali ukimpiga picha. Heshima yako itaonekana.

Viatu ni jambo la kila siku. Pale sakafu inapoinuka kwa hatua moja, ndipo vinapovuliwa. Vaa viatu visivyo na kamba nyingi na soksi nzima, kwa sababu utavivua mara nne au tano kabla ya chakula cha mchana. Malapa ya ukumbini huachwa kabla ya kukanyaga mkeka wa tatami, na ya chooni hubaki chooni. Ngome ya Himeji, iliyokamilika mwaka 1609 na kunusurika mabomu ya 1945, itakupa mfuko wa kubebea viatu na ngazi za mbao zilizosimama karibu kama za kupandia mnazi. Mwenye maumivu ya magoti atazame kutoka chini. Weupe wake uwanjani unatosha.

Kwa mahekalu na jinja, nikitaja chache: Todaiji ya Nara, yenye Budha wa shaba wa takriban mita 15 aliyezinduliwa mwaka 752, na paa wanaozurura nje ambao watakula ramani yako ya karatasi. Sanjusangendo ya Kyoto, jumba refu lenye sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, zilizopangwa safu kwa safu, ambamo kamera haziruhusiwi. Na jinja ya Fushimi Inari, Kyoto, maelfu ya torii nyekundu zikipanda mlima, bure, wazi mchana na usiku. Watu hujaa chini, ila ukipanda nusu saa njia inakuwa yako.

Hiroshima

Sitaipa namba ya hatua. Bomu lilianguka saa 2:15 asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1955, na kiingilio ni yen 200 tu. Ndani kuna baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, imeliwa na kutu na moto. Mtoto aliyekuwa akiiendesha alikuwa na miaka mitatu. Baba yake alimzika uani pamoja nayo ili asiwe peke yake, na miaka 40 baadaye aliifukua akaikabidhi.

Weka simu mfukoni. Ukienda na watoto, ingia kwanza mmoja wenu wazima mwamue. Ukimaliza vyumba vya giza unatokea kwenye ukumbi wenye vioo unaotazama bustani, na mbele yako, kwa mstari mmoja, mnara wa kumbukumbu na lile jengo lililobaki mifupa. Kaa pale. Usipange kitu kingine mchana huo.

Pesa, chakula na sala

Kadi ya Suica au ICOCA hulipa treni, basi na maduka madogo ya mtaani yaitwayo konbini, lakini dirisha la hekalu mara nyingi linataka fedha taslimu, yen 500 au zaidi kidogo. Pasi ya treni ya Japan Rail ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000, na anayekwenda Tokyo hadi Kyoto na kurudi hairudishi gharama yake; nunua tiketi moja moja.

Asiyekula nguruwe akariri 豚. Kwa sala, Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara ni msikiti wa mtindo wa Kituruki, mkubwa kuliko yote Japani, na wageni wa dini yoyote wanakaribishwa. Msikiti wa Kobe wa mwaka 1935 ndio wa kwanza nchini, na ulisimama baada ya mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Ukiwa Kobe, angalia pia ratiba ya makumbusho ya mji: yana skrini za kukunjwa za Kano Naizen zinazoonyesha meli za Wareno zikiteremsha watu, na miongoni mwao wamo Waafrika. Mmoja wa Waafrika wa zama hizo, Yasuke, alifika mwaka 1579 na kumtumikia mtawala Oda Nobunaga.

Ratiba ya siku nane inayofuata kalenda

Alhamisi, baada ya kupumzika, jinja ya Meiji, kisha Tokyo Camii, vituo viwili mbele kwa treni ya chini. Ijumaa, Ueno kuanzia alasiri hadi usiku. Jumamosi, Mitaka kwa tiketi uliyoamkia alfajiri. Jumapili, treni ya Shinkansen hadi Kyoto, na Fushimi Inari jua likishazama. Jumatatu, ile siku ya hatari, Nara: Todaiji, na Horyuji yenye majengo ya mbao yaliyo miongoni mwa makongwe kabisa duniani. Jumanne, Sanjusangendo asubuhi na Katsura kwa saa uliyopewa. Jumatano, Hiroshima peke yake. Alhamisi, Minpaku ya Osaka, kwa kuwa jana yake ilifungwa. Ndani kuna ukumbi wa Afrika, na utawakuta watoto wa shule wa Kijapani wamechuchumaa mbele ya vitu vya bara letu, penseli mkononi, wakiandika.